Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Namna ya Kuisoma Ofa ya Kadi ya Mkopo Kabla Hujatia Saini

Kadi yangu ya kwanza ya mkopo sikuwahi kuichanja hata mara moja. Niliichukua kwenye meza yenye mwavuli pale Michenzani. Kijana aliyevaa fulana ya benki aliniambia, "Dada, mwaka wa kwanza bure, hulipi hata shilingi." Nikatia saini. Kadi ikaja ndani ya bahasha, bahasha ikaingia kabatini chini ya khanga, nikaisahau. Mwaka na miezi mitano baadaye napigiwa simu: nadaiwa 161,300.

Nilidhani ni matapeli. Nikaenda tawini na hasira zangu, nikawekewa hesabu mezani: ada ya mwaka wa pili 70,000, faini ya kuchelewa kuilipa ada hiyo, 20,000 kwa mwezi, miezi minne, riba na kodi 11,300. Yule binti wa kaunta hakunipandishia sauti. Alifungua ukurasa wa sita, akaweka kucha yake chini ya mstari mmoja wa maandishi madogo kama ufuta, akasema, "Hapa, Bi mkubwa." Na ilikuwa hapo kweli, na chini yake saini yangu.

Aibu yenyewe ni kwamba mimi ni mhasibu. Naweka vitabu vya nyumba ndogo ya wageni Jambiani, kazi yangu ni kusoma karatasi za watu. Tangu siku ile jamaa na majirani huniletea za kwao kabla hawajasaini, na nimejifunza kuzisoma kwa mpangilio. Mpangilio wenyewe ndio huu. Viwango vya riba na ada nitakavyotumia ni vya mfano, nimevichagua viwe vyepesi kwa hesabu. Vya benki yako utavipata kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Ondoka mezani, omba karatasi tatu

Kipeperushi si mkataba. Kipeperushi kina picha ya familia inacheka na nyota ndogo kwenye kila neno zuri, na nyota ile ukiifuata chini inakwambia "vigezo na masharti kuzingatiwa". Bei ya kadi haimo humo. Imo kwenye karatasi tatu: fomu ya maombi, kitabu cha masharti, na orodha ya ada na viwango ya mwaka huu. Hiyo ya tatu ndiyo watu hawaiombi, na ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kitabu cha masharti mara nyingi hakitaji kiasi. Kinasema tu "ada itatozwa kwa mujibu wa orodha ya ada ya benki kama itakavyokuwa wakati huo". Maana yake umesaini bei ambayo hujaiona.

Una haki ya kuziomba. Tanzania ina Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, chini ya Benki Kuu, na zinaihusu benki yenye tawi Unguja au Pemba kama zinavyoihusu ya Dar es Salaam. Benki inatakiwa ikuweke wazi juu ya gharama kabla hujafunga mkataba. Ukijibiwa "utapewa ukishakubaliwa", shukuru, amka, rudi nyumbani.

Kama masharti yameandikwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, uliza kama ipo nakala ya Kiswahili. Haipo? Mwambie afisa akueleze kipengele kimoja kimoja nawe uandike. Asione tabu. Karatasi zote zipige picha kwa simu, kila ukurasa, pamoja na tarehe. Ile orodha ya ada hubadilika, na siku ya mabishano utataka kuonesha ilivyokuwa siku uliyosaini.

Ndugu zetu walioko Marekani wamerahisishiwa kidogo: sheria ya mwaka 1988 inailazimisha kampuni ya kadi kuweka riba na ada kuu kwenye jedwali moja linaloonekana ndani ya ofa yenyewe. Sisi jedwali hilo tutalichora kwa mkono.

Hatua ya 2: Chora jedwali, kisha winda maneno

Chukua daftari, ukurasa mzima. Upande wa kushoto andika: ada ya kujiunga, ada ya mwaka, riba, siku za bure, malipo ya chini, faini ya kuchelewa, faini ya kuvuka kikomo (kiwango cha juu ulichoruhusiwa kukopa), kutoa pesa taslimu, fedha za kigeni, bima, ujumbe wa simu, kadi ya pili, kadi iliyopotea, kufunga kadi. Upande wa kulia andika kiasi, na ukurasa ulikokikuta. Mstari ukibaki mtupu usidhani ni bure. Mstari mtupu ni swali la kumuuliza afisa.

Ukiwa unajaza, kuna maneno ya kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Kuanzia": riba kuanzia asilimia 1.5 maana yake yupo atakayepewa hiyo, na huenda si wewe. "Hadi": nitalirudia. "Au, kipi kilicho kikubwa": hili ni neno la kuangalia sana, kwa sababu linaondoa nafuu ya kiasi kidogo. "Kabla ya kodi": ada za benki hupandiwa na kodi na ushuru, basi uliza kiasi cha mwisho kitakachotoka mfukoni. "Kwa uamuzi wa benki": yaani uamuzi si wako. Na "benki inaweza kubadilisha masharti": tafuta watakujulisha kwa njia gani na siku ngapi kabla. Nimeona moja iliyosema tangazo ukutani tawini linatosha. Mtu anaishi Makangale, tawi liko Chake Chake, atalisoma lini?

Kuna kipengele kingine ambacho kwa maoni yangu kingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu: haki ya benki kukata deni la kadi kwenye akaunti yako nyingine yoyote iliyopo hapo. Kama mshahara wako unapitia benki hiyo hiyo, ukichelewa kadi, mshahara unaweza kukatwa kabla hujauona. Hali kadhalika kama umepewa kadi kwa dhamana ya amana ya muda maalumu: amana ile imefungwa, huigusi mpaka kadi ifungwe na deni liishe. Uliza inafunguliwa siku ngapi baada ya hapo.

Hatua ya 3: Igeuze riba iwe ya mwaka

Karibu na riba tafuta herufi mbili. "p.m." ni kwa mwezi, "p.a." ni kwa mwaka. Asilimia 3 kwa mwezi inaonekana kama ada ya daladala. Zidisha kwa 12, ni 36. Na kama riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni ili nayo izae, kwa mwaka inafika karibu 42.6. Sasa iweke pembeni ya riba ya mkopo wa kawaida wa mfanyakazi kwenye benki hiyo hiyo, uone ipi ni ipi.

Hatua ya 4: Zijue siku za bure, na zinakufa vipi

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na wakija kwangu huwa wameshaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangazo linasema "hadi siku 50 bila riba". Tuseme benki inafunga hesabu ya mwezi kila tarehe 25, na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua kitu tarehe 26 Juni, kinaingia kwenye hesabu ya 25 Julai, unakilipa 15 Agosti: siku 50, kweli. Ukinunua tarehe 24 Julai, nacho kinaingia kwenye hesabu ile ile ya 25 Julai: umepata siku 22. Ndiyo kazi ya neno "hadi". Kwa hiyo ukitaka kununua kitu kizito, nunua siku moja mbili baada ya hesabu kufungwa. Hilo dogo.

Kubwa ni hili. Siku za bure ni za mtu anayelipa deni lote la mwezi. Ukibakisha hata kidogo, kwa kadi nyingi zinakufa, na hazifi kwa kile ulichobakisha peke yake.

Jirani yangu alinunua friji la duka lake la juisi, 1,200,000, tarehe 1 Julai. Hesabu ikaja 25 Julai. Tarehe 15 Agosti akalipa 1,150,000, akabakisha 50,000 kwa sababu siku mbili kabla alikuwa amekwenda kuzika Mkokotoni na gari alikodi yeye. Akapiga hesabu yake: asilimia 3 ya 50,000 ni 1,500, si kitu.

Mwezi uliofuata akadaiwa riba elfu hamsini na tatu na ushei. Akaja mbio kwangu, "Bibi wee, hawa wameongeza sifuri!"

Hawakuongeza. Tukakaa barazani tukaipiga pamoja. Asilimia 36 kwa mwaka ukiigawa kwa siku 365, deni la 1,200,000 linazaa kama shilingi 1,183 na nusu kwa siku. Benki imehesabu tangu siku aliyonunua, 1 Julai, hadi siku aliyolipa, 15 Agosti: siku 45. Hiyo ni karibu 53,260. Halafu ile 50,000 iliyobaki, siku 10 hadi hesabu kufungwa tena, ni kama 490. Jumla karibu 53,750. Amebakisha hamsini, amelipishwa hamsini na tatu.

Na bado. Kwa kuwa ana deni lililovuka mwezi, sukari na maziwa aliyonunua kwa kadi mwezi wa Agosti navyo vilianza kuzaa riba siku ile ile aliyochanja. Siku za bure hazirudi mpaka alipe lote, na benki nyengine zinataka ulipe lote miezi miwili mfululizo.

Kwa hiyo kwenye daftari, mbele ya "siku za bure", andika majibu ya maswali matatu. Riba inaanza siku ya kununua, siku muamala ulipoingia kwenye vitabu vya benki, au siku ya mwisho wa kulipa? Nikilipa sehemu, riba ni ya deni lote au ya kilichobaki? Siku za bure zikifa, zinafufuka lini? Afisa akisitasita, mpe mfano wa friji akupigie hesabu kwa kalamu yake.

Hatua ya 5: Malipo ya chini si msaada

Kila mwezi karatasi itakuonesha kiasi mbili: deni lote, na "malipo ya chini", labda asilimia 5. Hiyo ya pili inaandikwa vizuri, mara nyengine kwa herufi nzito kuliko deni lenyewe. Kazi yake ni kukukinga na faini ya kuchelewa, basi.

Chukua deni la 1,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, hununui kitu kingine. Mwezi wa kwanza deni linakuwa 1,030,000, unalipa asilimia 5, yaani 51,500, linabaki 978,500. Umetoa elfu hamsini na moja na nusu, deni limepungua elfu ishirini na moja na nusu. Endelea hivyo mwaka mzima: utakuwa umelipa karibu 550,000 na bado unadaiwa karibu 770,000. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 2009, karatasi ya mwezi lazima imwambie mwenye kadi itamchukua muda gani kumaliza kama atalipa kima cha chini tu. Wewe mwambie afisa akupe jibu hilo kabla hujasaini. Akishindwa, hesabu ya juu unayo.

Hatua ya 6: Usiitoe pesa ATM kwa kadi hii

Kutoa pesa taslimu kuna mambo mawili kwa pamoja: ada papo hapo, na riba inayoanza siku hiyo hiyo, hakuna siku za bure. Tuseme ada ni "asilimia 4 au 15,000, kipi kilicho kikubwa". Umetoa 300,000 ya ada ya skuli. Asilimia 4 ni 12,000, kwa hiyo utalipa 15,000. Riba ya siku 30 ni karibu 8,880. Karibu 23,900 kwa mwezi mmoja, ambayo ni kama asilimia 8 ya pesa uliyochukua.

Wengi hawajui kwamba si lazima usimame mbele ya ATM ili ihesabiwe taslimu. Soma ile sehemu ya maana ya maneno mwanzoni mwa kitabu cha masharti, ile kila mtu anairuka. Kuweka pesa kwenye simu kutoka kwenye kadi, kununua fedha za kigeni, kuhamisha kwenda akaunti nyingine, kucheza kamari: benki huweza kuviita vyote "miamala inayofanana na fedha taslimu".

Hatua ya 7: Fedha za kigeni, kwa wanaokwenda Dubai na wasiokwenda

Biashara yetu hapa Unguja nusu yake iko Dubai na Guangzhou, na hata asiyesafiri ananunua tiketi ya ndege mtandaoni kwa dola. Hapo bei hupanda mara mbili bila kelele: mara ya kwanza kwenye kiwango cha kubadilishia, mara ya pili kwenye ada ya muamala wa nje.

Mfano. Tiketi ni dola 400. Tuseme sokoni dola ni 2,600, kwa hiyo umeweka akilini 1,040,000. Benki inabadilisha kwa 2,680, imekuwa 1,072,000. Juu yake asilimia 3, 32,160. Umelipa 1,104,160, zaidi ya ulivyodhani kwa 64,160. Kiwango cha kubadilishia hakimo kwenye orodha ya ada, kinabadilika kila siku. Uliza kitu kimoja tu: "Mnatumia kiwango cha siku gani, ya kununua au ya kuingizwa kwenye vitabu?" Baina ya siku hizo mbili shilingi inaweza kusogea.

Ukiwa dukani Deira, huko Dubai, mashine itakuuliza unataka kulipa kwa shilingi za Tanzania au kwa dirham. Moyo utakwambia shilingi, kwa sababu unazijua. Chagua dirham. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango anachokitaka yeye, na benki yako bado inaweza kuhesabu muamala ule kuwa wa nje ikatoza ada yake. Muuzaji asikubonyezee. Zuia mkono wake kwa adabu, usome mwenyewe.

Mahoteli na wakodishaji magari hushikilia kiasi kwenye kadi kama dhamana. Hakijakatwa, lakini kikomo chako kimepungua, na ukinunua vitu vingine unaweza kujikuta umevuka kikomo ukapigwa faini kwa pesa ambayo hujaitumia.

Hatua ya 8: "Riba sifuri" na "bure"

Duka la vyombo vya umeme linasema: lipa kwa miezi 6, riba sifuri. Swali lako: kuna ada ya kuandaa mpango? Tuseme ni asilimia 8, inakatwa mwanzo. Friji lile lile la 1,200,000, ada ni 96,000. Unasema asilimia 8 kwa nusu mwaka, si haba. Lakini hukukaa na 1,200,000 miezi yote sita. Mwezi wa pili unadaiwa milioni moja, wa tatu laki nane, na wa mwisho laki mbili tu. Kwa wastani umekopa laki saba. Ukiigawa ada juu ya hiyo, inakuwa kama asilimia 2.3 kwa mwezi, 27 kwa mwaka. Wamebadilisha jina tu.

Kabla hujachanja, nenda Darajani au Mlandege na pesa taslimu ya kufikirika: "Nikikupa mkononi sasa hivi, bei ya mwisho ngapi?" Tofauti ya bei hiyo na ile ya kadi nayo ni riba.

Halafu uliza ukikosa marejesho mara moja inakuwaje. Zipo ofa zinazosema ukichelewa mwezi mmoja, riba yote ya tangu siku ya kwanza inarudi.

"Mwaka wa kwanza bure" nimeshaisimulia. Weka ukumbusho kwenye simu, mwezi wa 11 tangu upewe kadi, si wa 12.

Hatua ya 9: Visanduku vidogo

Kwenye fomu kuna visanduku ambavyo afisa huvitia tiki mwenyewe wakati mnazungumza mengine. Bima ya deni, ujumbe wa simu, kadi ya pili ya mume au mke. Bima mara nyingi ni asilimia ya deni kila mwezi, haina ubaya ukiitaka, lakini uliza kama ni lazima. Kadi ya pili ina ada yake, na deni lake lote ni lako. Pointi za zawadi zina tarehe ya kufa. Usikope kwa ajili ya pointi, hata siku moja.

Hatua ya 10: Suala la riba na dini

Wapo wanaoniambia hili lingepaswa kuwa la kwanza, na kwa mtu ambaye kwake ndilo linaloamua, wana haki. Mimi si mwanachuoni. Ninachoweza kukuonesha ni kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh cha Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108: kadi ya mkopo isiyo na salio nyuma yake, ikiwa imeshurutishwa nyongeza ya riba, haijuzu kuitoa wala kuitumia, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya siku za bure. Ile hoja ya "mimi hulipa mapema, riba hainigusi" ilishajibiwa. Ada ya kutoa na kuhuisha kadi imeruhusiwa ikiwa ni malipo ya huduma yenyewe, na kwa kutoa pesa taslimu, ada ya kudumu isiyopanda kwa ukubwa wa pesa wala kwa muda.

Benki na madirisha ya Kiislamu tunayo, na kadi ikiitwa ya Kiislamu bado fungua daftari. Ujira wa mwezi ni ngapi, na je, unalipwa hata mwezi ambao hukuitumia kadi? Pesa ya faini ya kuchelewa inakwenda kwenye sadaka au inabaki kwa benki? Ada ya ATM ni kiasi kimoja au ni asilimia? Halali na rahisi ni mambo mawili mbalimbali. Nimeona ujira ambao kwa mwaka ulikaribia riba ya kadi ya kawaida.

Hatua ya 11: Tarehe

Mwisho wa kulipa uwe siku tatu nne baada ya mshahara. Benki nyingi hukubali kukubadilishia ukiomba, wachache tu wanaomba. Uliza pia malipo huhesabiwa siku uliyotuma au siku yaliyoingia. Ukilipa kutoka benki nyingine au kwa simu siku ya Ijumaa alasiri, huenda yakasoma Jumatatu. Idi ikiangukia hapo, au tarehe 12 Januari, Mapinduzi, jipe siku tano.

Kwa tuliopo kwenye utalii kuna hesabu moja zaidi. Kikomo cha kadi hupangwa kwa kipato ulichoonesha, na watu hupeleka karatasi za mshahara za Agosti, hoteli imejaa, bahashishi zinaingia. Masika, Aprili na Mei, hoteli za mashamba zinafunga au zinapunguza watu, kadi haipunguzi kitu. Omba kikomo kinacholipika kwa pesa yako ya Mei. Na uandike wazi kwamba hutaki kiongezwe bila ridhaa yako.

Hatua ya 12: Ikishakuwa mkononi, na namna ya kuifunga

Karatasi ya kila mwezi isome siku inapofika, linganisha na risiti. Muamala usioujua ripoti kwa maandishi, haraka, kwa sababu masharti yanaweka idadi ya siku, ukipitiliza unahesabiwa umekubali.

Ukiwa na lalamiko, anza na benki yenyewe: barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Simu na maneno ya kaunta hayana ushahidi. Wasipokujibu au jibu lisikuridhishe, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, na ina tawi lake hapa Unguja. Watataka kuona kwamba ulianza na benki, na muhuri ule ndio utakaokusemea. Usiache deni la mabishano likalala. Taarifa za wakopaji hupelekwa kwa taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, na siku utakayotaka mkopo wa nyumba Fumba, ile ada ya 70,000 ndiyo watakayoiona kwanza.

Kuikata kadi kwa mkasi hakuifungi. Nilikuwa nishaikata yangu nilipokuja kujua hilo. Lipa deni lote, kisha uliza riba ya siku zilizobaki hadi kufungwa, maana baada ya hesabu kufungwa huwa inabaki elfu mbili tatu zinazoendelea kuzaa. Zima malipo yanayojikata yenyewe, ya vifurushi vya filamu na mengineyo, kwa hao hao wanaokata, kwa sababu baadhi ya masharti yanaruhusu benki kuyapokea hata baada ya ombi la kufunga. Andika barua ya kufunga, wagonge muhuri, na omba barua ya kutodaiwa. Baada ya miezi miwili rudi tena kaunta uombe salio la kadi ile iliyofungwa. Mimi niliporudi nilikuta shilingi 1,180 za ujumbe wa simu, nikazilipa pale pale na kuomba barua nyingine yenye tarehe mpya.